Nilimuua kwa Mdomo

Watu wakisikia kwamba nilikuwa muuguzi hospitalini Likasi miaka ile nchi ilipokuwa inaporomoka, huniuliza tulitibu vipi bila dawa. Jibu langu ni fupi: hatukutibu. Tulikaa. Pavioni ya wanaume, jumba refu lenye vitanda ishirini na madirisha yaliyozibwa kwa katoni, ilikuwa imeishiwa sindano, imeishiwa mashuka, imeishiwa hata sabuni ya kufulia mashuka yasiyokuwapo. Daktari alipita asubuhi mikono yake akiwa ameifunga mgongoni, kwa sababu hakuwa na cha kushika. Baada ya hapo wagonjwa walibaki na sisi wauguzi na mtawa wetu mkuu, tuliyemwita Masere.

Masere alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kelele. Yeye ndiye aliyetufundisha kukaa, na msidhani kukaa ni kazi rahisi. Usisimame mlangoni kama mtu mwenye haraka. Vuta kiti, shuka chini kuliko kichwa cha mgonjwa, mshike mkono usio na kidonda, funga mdomo wako. Akiuliza kama anakufa, mjibu. Asipouliza, usimlazimishe kujua. Na familia yake, alisema, nayo ni mgonjwa, ila ni mgonjwa anayetembea. Juu ya yote hayo kulikuwa na sheria moja kubwa: anayekufa hadanganywi, wala watu wake hawadanganywi. Mimi nilikuwa msichana aliyesoma shule ya misheni kule Mulungwishi na nilijiona mkweli kuliko wenzangu wote. Nilisikia sheria hiyo nikajua ni ya wengine.

Ndio wakati ule ule watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mjini kwetu. Sitaeleza siasa, walioitunga walikuwa wanalala vizuri. Nitasema nilichokiona. Majirani waliozaliwa hapa, waliofanya kazi kiwandani pamoja na baba zetu, waliosimamia ubatizo wa watoto wetu, waliambiwa siku moja kwamba hapa si kwao. Wakahamia kituo cha treni, ambacho sisi tunakiita gare, na magodoro yao na masufuria yao, wakisubiri treni ya kuwapeleka kwa ndugu ambao wengine hawajawahi kuwaona. Treni zilikuwa chache. Watu walikaa pale wiki na miezi chini ya maturubai, na surua na kuhara vikawachukua watoto wao. Mimi ni mtu wa hapa, na wa hapa hatukufukuzwa. Nilipita kando ya gare kila siku nikienda kazini, na kila siku niliangalia viatu vyangu.

Kitanda cha tisa kilikuwa na mzee wa Kasai. Alikuwa amefanya kazi kiwandani tangu ujana wake, na sasa mapafu yalikuwa yamechoka na miguu imevimba maji. Walikuja watu kumwuliza Masere kwa nini huyu bado yuko hapa. Masere aliwajibu kwamba kitanda hakina kabila, kisha akawaonyesha mlango.

Mke wake alikuja kila mchana, kwa miguu, kutoka gare. Mama mrefu, wa maneno machache, mwenye sufuria ndogo aliyoifunga kwa kitambaa. Mwanzoni ilikuwa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo. Baadaye bukari peke yake, baadaye uji. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, akampangusa kidevu, akakaa naye kidogo, akarudi. Huko gare alikuwa na binti yake, mjane, na watoto wa binti. Watoto hao walifika pale wakiwa watatu. Mmoja walikuwa wameshamzika.

Treni ilikuja siku moja na mama huyo akakataa kupanda. Mzee asingeweza kukaa kwenye behewa wazi hata saa moja, na bila mzee yeye haendi, na bila yeye binti haendi. Nilimkuta siku ile kwenye korido nikamwambia, kwa sauti ya upole niliyofundishwa, afikirie wale watoto wawili. Aliniangalia kutoka juu.

"Siwezi kuacha bwana yangu afe peke yake," alisema. "Weye ungeweza?"

Basi hivyo ndivyo watu wanne walivyokuwa wamefungwa kwenye kitanda cha tisa, na mtoto mdogo zaidi akaanza kuchemka mwili.

Alhamisi moja mzee alizimika. Macho yalikuwa nusu wazi, pumzi inakuja, inakaa, inakuja tena. Daktari alishika kifundo cha mkono wake, akasubiri, akasema neno moja: "Leo." Ilipofika mchana, mke wake hakuja. Mwenzangu aliyeingia zamu ndiye aliyetuambia: treni imefika, watu wanapakia, inaondoka kabla ya jioni, na hakuna ajuaye nyingine ni lini.

Nilijua yule mama angekataa tena. Nilimwona kabisa akilini, amesimama pembeni mabehewa yakijaa, na yule mtoto mgongoni mwa binti yake kichwa kimelala upande. Nilivua aproni. Hakuna aliyenituma. Njiani nilijipanga vizuri, nikajiambia: kwani huu ni uongo? Ni ukweli ambao umetangulia saa chache tu. Nikifika hospitali nitaukuta umeshatimia.

Gare ilikuwa vurugu. Watu walirusha mizigo juu, watoto wakapitishwa kwa mikono, askari wakipiga filimbi. Niliwakuta kando ya behewa la nne. Binti aliponiona tu alishika mdomo. Mama yake alinisubiri nifike.

"Alisha kufa, Mama," nilisema. "Saa hii. Alilala tu, hakuteseka. Shiye njo tutamuzika. Nakuapia, minye mwenyewe nitakuwa pale."

Binti alipiga yowe akataka kukimbia kwenda hospitali. Mama yake alimdaka mkono.

"Panda," alimwambia.

"Mama, tuende tumuone."

"Panda, nimesema. Mutoto eko na moto."

Yeye mwenyewe hakulia. Hakuuliza swali hata moja. Alifunga upya mzigo uliokuwa umelegea, akauinua, akampa mjukuu mkubwa mkono, akapanda. Alipokuwa juu aligeuka akaniangalia, kwa muda mrefu, kisha akanishukuru. Nilirudi nikijisikia mwepesi. Ndiyo, mwepesi. Sitaficha hilo. Nilitembea katikati ya barabara nikiwaza kwamba nimeokoa watu wanne kwa sentensi moja, na kwamba Mungu ana akili ya kutosha kuelewa.

Nilipoingia pavioni, mzee wa kitanda cha tisa alikuwa ameegemea kiwiko.

"Mutoto yangu," aliniita. "Kuna uji?"

Nilikaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, juu ya miguu yake, akanitukana, na hata sikumsikia. Wauguzi wanajua mambo hayo: mtu karibu na mwisho huamka, anaomba chakula, anaongea vizuri, kisha anakwenda zake siku ile ile. Nikasema, ni hiyo. Nikampa uji nikasubiri. Ijumaa alikuwepo. Jumamosi alikuwepo. Jumapili aliomba anyolewe ndevu, mke wake asimkute ovyo.

Nilikwenda kwa Masere nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze, na nadhani nilitaka anifukuze.

"Uliiondoa familia yake," alisema. "Sasa familia yake ni wewe. Nenda ukakae."

Kila saa ya kutembelea wagonjwa, wake na dada za watu walipoingia na sufuria zao, mzee aligeuza kichwa mlangoni. Nilimwambia mvua imenyesha. Nikamwambia barabara ina askari. Nikamwambia mtoto anaumwa. Nikawa fundi wa uongo, mimi wa Mulungwishi. Siku ya tano akakataa kula. Nilimletea bukari iliyotoka kwa jamaa wa kitanda cha jirani, akaisukuma kwa mgongo wa mkono.

"Nikishiba chakula ya bengine," alisema, "muke yangu akikuya na yake, nitamuambia nini?"

Alikuwa anajinyima kwa ajili ya sufuria ambayo haiji. Siku ya sita pia alikataa, akanywa maji tu, na midomo ikaanza kupasuka. Nikaona kwamba nisiposema nitamuua mara ya pili, na safari hii kwa kweli. Nilivuta kiti, nikashuka chini kuliko kichwa chake, nikamshika mkono.

"Papa, treni ilikuya. Balipanda."

"Batoto pia?"

"Batoto pia."

"Na juu ya nini hawakukuya kuniaga?"

"Juu nilibaambia ulisha kufa."

Nimeshika mikono ya watu wengi wanaokufa, lakini sijawahi kushika mkono uliokuwa mzito kama ule. Hakuuondoa. Aliangalia dari, mahali palipokuwa na alama ya maji, muda mrefu. Nilikuwa tayari anitemee mate. Nilikuwa tayari kwa laana. Na mzee wa watu akikulaani akiwa kitandani vile, unaibeba maisha yako yote. Ndipo akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Balinililia?"

"Balilia sana, Papa. Binti yako alipiga yowe gare nzima ikasikia. Na Mama alianguka chini, mpaka watu balimuinua."

"Muke yangu alianguka?"

"Ndiyo."

"Siku ya kuzika mama yake hakuanguka," alisema. "Siku ya kuzika mutoto yetu ya kwanza hakuanguka. Weye unadanganya tena. Sema yenye alifanya."

Nikasema. Nikamwambia alivyomdaka binti mkono, alivyofunga mzigo, alivyopanda bila chozi hata moja. Mzee akaanza kutetemeka kifuani, nami nikadhani ndio mwisho, nikainuka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamkalisha.

"Njo yeye," alisema, yaani ndiye huyo. "Njo yeye kabisa. Leta ile bukari."

Tangu hapo kila asubuhi aliniuliza wamefika wapi. Mimi sijui reli, ila yeye aliijua kwa moyo, kituo kwa kituo. "Wako Bukama," nilimwambia, akanieleza Bukama kuna samaki gani. "Wamelala Kamina." Akasema Kamina kuna baridi, je, mtoto alifunikwa? Nikamwambia alifunikwa. Masere alitusikia akapita, na sheria yake akaiweka mfukoni. Tulisafiri hivyo siku tano. Jumatatu, siku ya kumi na moja tangu treni iondoke, asubuhi kabla ya chai, aliuliza kwa sauti ndogo sana kama wamefika. Nikasema wamefika, Papa, wanafungua mizigo. Akafumba macho. Nilimshika mkono mpaka ulipokuwa hauhitaji tena kushikwa.

Tulimzika, kama nilivyoapa. Sikulia, Masere alitukataza kulia mbele ya vitanda vingine.

Mngedhani ningepata amani, kwa kuwa mzee mwenyewe alicheka. Sikupata. Nilianza kuogopa neno lenyewe, amekufa. Kila nilipotakiwa kwenda kuwaambia jamaa waliokaa kwenye benchi la nje, nilifika mlangoni nikarudi. Nilimgusa marehemu shingo, nikaweka sikio kifuani, nikaondoka, nikarudi tena kumgusa. Mara tatu, mara nne. Wenzangu walinicheka: huyu anataka kumwamsha. Na kitanda cha tisa sikuweza kukipita bila kusikia mtu akiomba uji. Nilijua ni kichwa changu. Hata hivyo nilijibu, chini chini, "Naleta." Niliogopa kwamba nikinyamaza atajua nimemwacha.

Miaka ilipita, vita vikapita, utawala ukabadilika. Siku moja mchana mwanamke mrefu alisimama kwenye mlango wa pavioni. Nilimjua kwa ule urefu wa mama yake: yule binti wa gare. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Tulikaa kwenye benchi la nje, lile lile la habari mbaya, na kabla sijafungua mdomo aliniuliza:

"Papa alikufa siku gani?"

"Siku ile ya treni," nilianza.

"Hapana, Mama. Minye nauliza siku yenye alikufa."

Akanieleza polepole, bila ukali, na ukali ungekuwa nafuu.

"Weye ulikuya mikono mitupu," alisema. "Mutu akikufa hapa, mwenye kuleta habari anakuya na nguo yake, na sahani, na kikombe. Mama yangu aliona palepale. Alijua Papa eko muzima."

Mara ngapi nilikuwa nimebeba mafurushi yale mwenyewe? Shati, sahani, kikombe, vimefungwa kwa kitambaa. Ndivyo tulivyowapa watu habari, hata kabla ya maneno. Siku ile shati la mzee lilikuwa mwilini mwake na kikombe kando ya kichwa chake, na mimi na akili zangu nyingi sikulikumbuka hilo hata kidogo. Mwongo gani huyo.

"Alijua, na akapanda?" niliuliza.

"Alipanda sababu ya batoto. Alisema, huyu mama amebeba huu mzigo kwa miguu mpaka hapa, tumuachie aubebe. Batoto balipona, wote wawili. Lakini Mama hajalia mpaka leo."

Huko Kasai ndugu za mume walimletea nguo nyeusi, akazikataa. Kwao, mjane anayemlilia mume aliye hai anamsukuma kaburini kwa mkono wake. Hakuweza kuwaeleza, maana angesema nini? Kwamba amemwacha mumewe akipumua? Wakasema hana moyo. Wengine wakasema yeye ndiye aliyemloga, ndiyo maana hana machozi. Wakamtoa kwenye uwanja wao, akajijengea pembeni, akalima peke yake. Barua hazikufika popote miaka ile. Alisubiri habari.

"Na minye nililia," binti alisema. Sasa alikuwa ananishika mkono kwa nguvu. "Ndani ya treni nililia siku tatu. Mama alinikataza, sikujua juu ya nini. Niambie, ni minye nilimuua?"

Hilo angalau nilikuwa nalo. Nikamwambia kwamba saa ile alipokuwa analia, baba yake aliegemea kiwiko akaomba uji. Nikamwambia habari ya ndevu, ya bukari, ya Kamina na baridi yake, na jinsi alivyocheka. Nikamtajia siku kumi na moja, Jumatatu, asubuhi kabla ya chai. Akairudia tarehe mara tatu kama mtoto aliyetumwa dukani. Kisha akasema mama yake hana hasira na mimi. Ameomba kuijua siku ya kifo tu, ili aanze kulia.

Halafu akaniuliza, kwa haya kidogo, kama nguo za baba yake zipo.

Shati tulikuwa tumemvisha mgonjwa aliyemfuata kwenye kitanda kile, na yule tukamzika nalo. Kikombe kilienda kama vikombe vinavyoenda. Hata hivyo nilimpeleka stoo, ambako kulikuwa na rundo la nguo za watu ambao hakuna aliyewahi kuwajia. Nilichukua shati moja la buluu, la kiwandani, la kimo cha mzee. Lingetosha. Binti aliliangalia mkononi mwangu. Alingoja tu nione aibu. Nikalirudisha kwenye rundo.

"Mama atanitazama mikono," alisema.

Alikuwa na safari ya wiki tatu mbele yake. Nilimsindikiza mpaka gare, pakiwa patupu siku hiyo, nikamwona anapanda na tarehe kichwani na bila furushi. Niliandika barua mara mbili baadaye; haikurudi hata moja, na haikujibiwa. Mpaka leo sijui kama mama yake aliamini. Sijui kama alianza kulia.